Lugha Sanifu Isiyo na Kijiji

Mwandishi J.R.R. Tolkien alipotunga Kikwenya, lugha ya hadithi zake, aliwatunga na wasemaji wake, kwa hiyo hakuna aliyemnung'unikia; Kamati ya Lugha ya Waluhya, iliyokuwa na mmisionari Lee Appleby miaka ya 1940, haikujaliwa bahati hiyo. Katika wilaya ya North Kavirondo, magharibi mwa Kenya, iliyotawaliwa kutoka Kakamega, ilisanifu Luluyia, yaani lugha moja ya maandishi kwa lahaja zote, ikiegemea zile za kati, kikiwemo Kiwanga, ambamo mwanamke ni omukhasi. Wamaragoli, Waluhya wenzao, ambao humwita mukali (Mswahili asikimbilie kufasiri) na ambao tayari walikuwa na Agano Jipya lao, walijitoa, wakaiachia kamati lugha safi mno, iliyokosa tu kijiji cha kuizungumza.