Jinsi ya Kumtibu Susu wa Kithyoko Bila Kutoka Nairobi

Mtaalamu wa tiba ya shughuli aliye Nairobi hana haja tena ya kujua Kithyoko iko wapi. (Iko kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, ukishapita Matuu, kaunti ya Machakos. Lakini hayo waachie makondakta.) Shirikisho la dunia la wataalamu wa tiba hii lilitoa msimamo wake kuhusu tiba ya mbali mwaka 2014, na Kenya ikapata Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023. Ruhusa ipo na simu ipo. Kilichobaki ni kujua namna ya kuviharibu vyote viwili kwa ustadi.

Anza na saa. Panga kikao saa nne asubuhi siku ya soko, wakati simu ya kisasa pekee ya boma imo mfukoni mwa kijana aliyekwenda kuuza ndengu. Ukishindwa kuipata siku ya soko, chagua saa ambayo wajukuu wako shuleni, maana bila mjukuu hakuna wa kuishika simu. Usiulize inachajiwa wapi wala bando ananunua nani. Ukiambiwa mtandao unashika vizuri pale kwenye mwembe nyuma ya zizi, sisitiza Susu, yaani nyanya unayemtibu, akae ndani, chini ya mabati, kwa heshima ya taaluma. Na mjukuu akijitolea kumrekodi jioni, video ya dakika mbili, aitume mtandao ukitulia, katalia mbali. Video hiyo ingekuonyesha mengi kuliko nusu saa ya “unanisikia?”, na ungebaki huna la kulalamikia.

Sasa kamera. Tiba hii inamrudishia mtu kazi zake za kila siku: kuvaa, kula, kuoga, kupika. Susu alipata kiharusi na mkono wa kulia umelegea, kwa hiyo elekeza kamera usoni. Mwambie ashike simu kwa mkono mzima, kisha akunje leso kwa mikono miwili. Mkono wa tatu atautoa wapi? Hilo liandike chini ya “changamoto za mradi.”

Tukifika kwenye vifaa, hapa ndipo mtaalamu hasa anapojulikana. Agiza udongo laini wa kufinya, ule wa kopo, wenye rangi tofauti kwa kila kiwango cha ugumu. Agiza koni za plastiki za kupanga na kupangua. Mwarifu Susu kwamba matibabu yataanza mzigo ukifika. Nyuma yake kwenye skrini utaona ungo wa ndengu zinazosubiri kuchambuliwa mawe, punje moja moja, kidole gumba na cha shahada. Utaona sufuria ya unga wa chapati uliokandwa nusu. Juu ya msumari utaona kiondo ambacho hakijaisha, nyuzi za mkonge zikining'inia. Viangalie vyote hivyo, kisha umwambie mjukuu asogeze simu, mandhari inavuruga kikao.

Kiondo hicho hasa ndicho cha kuogopa. Chama cha kwanza cha tiba hii nchini Marekani kiliundwa Clifton Springs, New York, mwaka 1917, na kwa miaka mingi baadaye kikapu kikawa kama nembo ya kazi yenyewe. Askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza walifundishwa kusuka ili mikono iamke. Walifundishwa, nasema. Sasa umempata mama wa Ukambani aliyesuka tangu usichana, anayejua kusokota mkonge pajani kwa kiganja, mwendo unaodai bega, kiwiko na vidole kwa pamoja, na juu ya yote ana hamu ya kukimaliza kiondo chake. Mwambie akiweke kando mpaka koni zifike.

Usimwulize anataka kufanya nini. Ukimwuliza atakujibu, na jibu lake litakutia kazini. “Mwanangu, nataka niende choo bila kushikwa na mtu.” Ukikosea kidogo tu, mjukuu atabeba simu mpaka chooni, na utaona ambacho daktari wa wodini hakukiona: kizingiti kirefu, mlango unaofunguka upande mbaya, choo cha shimo kisicho na pa kujishikilia. Utalazimika kumpigia fundi wa mbao asimike nguzo mbili na kuchonga kigoda chenye tundu katikati. Jioni hiyo Susu atakwenda mwenyewe, na wewe hutakuwa na kikao cha kumi na mbili cha kuuza.

Hapa naweka mzaha kando kidogo. Bega la mgonjwa wa kiharusi halivutwi. Mjukuu asimwinue nyanyake kwa kumshika mkono uliolegea wala kwapa lake, hata kwa upendo. Na kibao cha kunyoosha kiganja hakipimwi kwenye skrini: kinahitaji mikono ya mtaalamu juu ya ngozi, iwe Matuu au nyumbani. Mzaha unaweza kurudi.

Siri za mgonjwa zinalindwa na sheria ya mwaka 2019 kuhusu data binafsi, basi hakikisha spika iko juu kabisa unapomwuliza Susu kuhusu haja ndogo. Jirani aliyekuja kuomba chumvi atakusaidia kujibu.

Mwisho ni makaratasi. Tangu mwaka 2017 taaluma hii ina sheria yake ya usajili na leseni, kwa hivyo ripoti lazima ivae suti. Andika: “Mgonjwa ameelekezwa, ameelewa, anaendelea vyema.” Usitaje kwamba mtandao ulikatika kabla hajasalimia. Kwenye fomu ya gharama, chini kabisa, pana kisanduku cha nauli ya Nairobi hadi Kithyoko, kwenda na kurudi. Kijaze.