Namtafuta wa Saizi Yangu

Mtu akikuambia kando ya uwanja wa tenisi, "Mimi ndugu yangu najifunza tu," funga begi, singizia mvua, uondoke. Anayejifunza kweli hana muda wa kujitangaza. Yuko kwenye majani anatafuta mpira. Huyu mnyenyekevu atakufunga 6-1, na hiyo moja amekupa sadaka.

Wamarekani wameumaliza utata huu kwa namba. Kila mchezaji wa burudani hupewa daraja kuanzia 1.0 hadi 7.0, likipanda kwa nusu nusu, na mtu wa 3.0 humtafuta mwenzake wa 3.0. Sisi wa Jinja tunakadiriana kwa macho. Yupo bwana mwenye raketi tatu, kitambaa cha jasho kichwani na chupa ya maji ya buluu, na kuuvusha mpira juu ya wavu kunamshinda. Yupo pia kijana anayetuokotea mipira, kandambili miguuni, raketi ya kuazima iliyokatika uzi, na hakuna mwanachama anayetaka kumwona upande wa pili watu wakitazama.

Mimi kufungwa na kijana yule hakunisumbui. Mpira wake unakuja kwa kasi na umenyooka, na kasi ile unaikopa bure: weka raketi mahali pake tu, mpira utarudi kwa mlio mtamu hadi waliokaa baa wageuze shingo. Ananifunga 6-0, nami natoka uwanjani napongezwa. "Leo umecheza, ssebo!" Sifuri yenye heshima zake.

Anayeniumbua ni dhaifu. Jinja kuna mfanyabiashara mmoja wa misumari na mabati ambaye mpira wake hauji, unashuka. Unatoka mbinguni bila haraka yoyote, hauna kasi ya kukopesha, na wewe chini una muda wa kutafakari: nipige kulia? Nipige kushoto? Nyumbani tumebakiza gesi? Mpira ukifika umeshachanganyikiwa, unaupiga kwa nguvu zako zote, nao unavuka uzio kwenda kwa wacheza gofu.

Hao wa gofu ndio waliobahatika. Uwanja wa gofu wa Jinja ulijulikana duniani kwa kanuni yake ya kienyeji: mpira ukitua ndani ya unyayo wa kiboko, unaruhusiwa kuuinua na kuuweka pembeni bila adhabu. Kiboko alikuwa akipanda kutoka majini usiku kula majani, na asubuhi mabwana wakakuta mashimo. Mtu akiharibu mchezo wake ana mnyama wa tani nzima wa kumsingizia, tena kwa maandishi. Sisi tunaye kalooli, korongo mwenye upara, ambaye hutua kwenye mstari wa nyuma na kusimama hapo akitukagua. Alama hurudiwa, sawa, lakini kwanza mwenzako lazima akubali kwamba ni kalooli aliyekuvuruga. Mfanyabiashara wangu hajawahi kukubali.

Ndipo nikaambiwa Mbale kuna mzee wa saizi yangu. Nikapanda taksi, ile yetu ya Uganda ya abiria kumi na wanne na kuku wao, tukapita Iganga, Namutumba na Tirinyi, mpaka jabali la Wanale likajitokeza na maporomoko yake membamba. Mzee mwenyewe ni Hajji, umri umepita sabini, kofia kichwani, bendeji gotini. Tukaamkiana kwa "mulembe", akaniuliza hali za nyumbani, nami nikaitazama ile bendeji nikaona safari yangu haikuwa ya bure.

Halafu akatoa mipira. Kanuni zinataka mpira wa tenisi ukiangushwa kutoka sentimita 254 uruke kati ya 135 na 147. Ya Hajji ilikuwa imenyonyoka manyoya yote, na ukiiangusha hujilaza. Nilidhani ni ubahili. Kumbe ni silaha. Hajji huukata mpira kwa chini. Mpira mpya uliokatwa hivyo bado ungenyanyuka kidogo, ila ule wa kwake ulifika kwangu ukatambaa. Alisimama katikati, hakukimbia hata hatua, kazi hiyo aliniachia mimi.

Na kubishana na mtu wa umri ule utaanzia wapi? Mpira wangu unatua ndani ya mstari, tena unaacha alama kwenye vumbi. Hajji anatikisa kichwa kwa huzuni. "Umetoka, mwanangu."

"Ndiyo, Hajji."

Kila tulipobadilishana upande aliniuliza jambo. Mama hajambo? Watoto wanasoma? Sukari ya Kakira huko kwenu bei gani? Mzee haachwi bila jibu, basi pumzi niliyoitunza kwa ajili ya mchezo ikaishia kwenye bei ya sukari. Nilifungwa seti zote mbili na kupewa chai.

Nikiwa kwenye chai nilijaribu kujitetea kwa elimu. Nikamweleza kwamba shirikisho la dunia limeidhinisha mipira maalumu ya kuchezea kwenye miinuko ya zaidi ya mita 1,219, kwa sababu hewa ikipungua mpira huruka kupita kiasi. Hajji akaniuliza Mbale ni mita ngapi. Nikasema kama 1,150. Akanionyesha Wanale kwa kijiko. "Basi kule juu ungekuwa na haki."

Nilirudi Jinja na dawa ya Waingereza wa karne ya 19. Miaka ile ya mwanzo ya Wimbledon, iliyoanza 1877, mashindano mengi ya klabu yalisawazishwa kwa deni: aliye mkali alianza gemu chini ya sifuri kwa 15 au 30, na dhaifu akapewa alama za kuanzia. Haki tupu. Nilipolitangaza klabuni, wakali wote wakaugua magoti papo hapo. Na dhaifu? Nilimwendea mfanyabiashara wangu kwa adabu, nikampa 15.

"Unanipa mimi?" Akaitua raketi chini. "Mimi ndiye nitakayeanza na deni. La 30!"

Watu walimshika mkono, hakushikika. Tukacheza, yeye kila gemu akianzia shimoni, mipira yake ikishuka mmoja mmoja kutoka mawinguni, mimi nikituma yangu kwa wacheza gofu. Alinifunga 6-4.

Dukani kwake, juu ya mizani ya misumari, pana kibao kikubwa kinachosema hakopeshi wala hakopi. Jumamosi ijayo ameomba deni la 40.