Sifa za Breki Inayolia

Daladala linapokaribia kituo, breki hukitangaza kabla konda hajafungua kinywa. Aliyesinzia hushtuka na kushika mfuko wake, mbuzi aliyekuwa akivuka kwa maringo huongeza mwendo, na askari wa barabarani hugeuza shingo. Kazi zote tatu kwa mlio mmoja, bila posho wala likizo. Na bado watu huiita kero.

Nasaba yake haina doa. Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili hataza ya breki ya diski mwaka 1902. Vibanio vyake vilikuwa vya shaba, na vilipoikamata diski vilipiga ukelele wa kutisha. Herbert Frood, mwanzilishi wa kampuni ya Ferodo, akaja na asbesto, na breki zikatulia. Utulivu huo ulilipiwa kwa mapafu ya watu: vumbi la asbesto huleta saratani, na Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Kelele, kwa upande wake, haijamtia mtu saratani.

Usanii wake nao si haba. Pedi huing'ang'ania diski na kuiachia, huing'ang'ania tena na kuiachia, maelfu ya mara kwa sekunde, mpaka diski nzima inageuka upatu. Mlio huwa popote kati ya hertzi 1,000 na zaidi ya 10,000, safu inayojumuisha eneo la 2,000 hadi 5,000, ambako sikio la binadamu husikia vizuri kuliko kwingine kote. Hakuna anayeweza kusingizia kwamba hakusikia.

Ila sifa yake kuu ni uaminifu. Pedi nyingi hufungwa kibati chembamba chenye ncha iliyokunjwa. Pedi ikiwa mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi. Ikilika ikabaki 2 au 3, ncha ile huigusa diski na kuanza kulia. Maana yake wahandisi waliketi mezani, wakachora, wakalipwa mshahara, ili gari lilalamike mapema. Dereva naye anaitikia vipi? Anaongeza sauti ya redio.

Hailii kwa namna moja, lakini. Ya alfajiri, Tanga au Mombasa, ni ya unyevu: kutu nyepesi imelala juu ya diski usiku kucha, na breki chache za kwanza huifuta. Hiyo ni salamu tu. Inayolia kila dereva anapogusa kanyagio taratibu huwa inalalamikia pedi ngumu za bei ya kutupa, uso wa pedi uliong'aa kwa joto, pini zilizokauka za kalipa inayobana pedi, au vile vibati vya kuzuia mtetemo ambavyo fundi aliyetangulia aliviona havina kazi akavitupa. Inayolia gari likitembea tu, kisha ikanyamaza mguu unapokanyaga, mara nyingi ni kile kibati mwaminifu. Ikishageuka kukwaruza, mashairi yamekwisha: chuma kinakula chuma, na bei ya pedi imekuwa bei ya pedi pamoja na diski.

Adui yake mkubwa ni fundi wa haraka. Hutoa pedi, huzisugua kwa msasa, huzirudisha, hupokea hela yake. Kimya hudumu hadi Jumamosi. Mbaya zaidi ni anayepaka grisi usoni mwa pedi. Huyo ameinyamazisha breki kweli, na kuiachisha kazi pia. Kimya cha namna hiyo si cha kutamani: kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, pedi zikipata moto kupita kiasi hupoteza msuguano, mafuta ya breki yakichemka kanyagio huzama hadi sakafuni, na huenda pasisikike mlio wowote.

Fundi mstahiki huanza kwa kufungua tairi na kupima. Hubadilisha pedi za kushoto na kulia pamoja, hulinganisha unene wa diski na kipimo cha chini kilichochapwa juu yake, husafisha pini na kuzipaka grisi maalumu ya breki, hurudisha vibati vyote. Vumbi hulifuta kwa kitambaa chenye maji. Halipulizi kwa upepo wa kompresa. Kisha humtuma mwenye gari barabara tulivu, apunguze mwendo taratibu mara kadhaa bila kusimama kabisa, pedi na diski zizoeane. Zikilia kidogo siku hizo, asikimbilie msasa.