Mbung'o Hajali Mkutano Wako

Siku hizi ukisema unafanya kazi mtandaoni, watu wa mjini wanakuonea wivu. Wanadhani unakula upepo wa ziwa huku mshahara ukijiingiza wenyewe. Mwaka 2024 Kenya ilianzisha hata kibali maalumu cha wageni wanaozunguka na kompyuta zao. Sisi wenyeji hatuhitaji kibali. Tunahitaji chaji na bando.

Nikachagua Sindo, mji wa wavuvi ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kaunti ya Homa Bay. Hesabu yangu ilikuwa nzuri: asubuhi kazi, mchana Hifadhi ya Taifa ya Ruma, ambayo haiko mbali, na jioni samaki wa kupaka.

Mwenye hoteli hakuielewa hesabu hiyo. Alinitazama nikibonyeza kompyuta tangu chai hadi ugali, kisha akaniuliza kwa huruma, "Nyathina, kazi utapata lini?" Nilipomweleza kwamba hiyo ndiyo kazi, akaguna, akanipa fimbo. Maadamu nimekaa tu, nimchungie omena walioanikwa uani, kunguru wasiwamalize.

Mkutano wa kazini ukaanza mtandaoni nikiwa zamu. Kila kunguru alipotua, mkono wangu ulipaa. Msimamizi, aliyekuwa akitafuta mtu wa kujitolea, akashukuru sana kuona nimeunyanyua tena na tena. Nikakabidhiwa mradi ambao wenzangu wote walikuwa wameukwepa kwa miezi. Omena walisalimika.

Basi nikakimbilia Ruma. Hifadhi hii ya kilomita za mraba 120 imelala katika Bonde la Lambwe. Ilitengwa mwaka 1966, ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na ndiyo makao pekee yaliyobaki nchini ya korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, masikio marefu na uso wa weusi na weupe.

Dereva alinipokea, akaitazama fulana yangu ya kazini, buluu iliyokolea, akatikisa kichwa. "Omera, umevaa mtego." Kweli, njiani alinionyesha vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotundikwa vichakani kunasa mbung'o, maana rangi hizo huwavuta. Na mimi hapo nilikuwa kitambaa chenye damu.

Zamani mbung'o wa Lambwe walisambaza malale. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Taarifa hiyo iliniliwaza kuhusu malale. Kuhusu kuumwa, haikusaidia. Mdomo wa mbung'o hupenya nguo bila kubisha hodi.

Tulipofika penye mtandao na ruhusa ya kushuka, simu ikalia: mkutano wa dharura. Nikaweka kompyuta juu ya meza, mgongo kwa nyika, nikaanza kueleza ule mradi wa kunguru. Wenzangu waliona mtu anayejizaba makofi kila likitajwa neno bajeti. Mhasibu akasema anaguswa na uchungu wangu.

Ghafla wote wakanyamaza, macho yamewatoka. Nikajua hoja zangu zimewaingia, nikakaza sauti. Nilipomaliza, mmoja akauliza, "Yule punda mwenye pembe aliyepita nyuma yako ni wa nani?"

Nikageuka. Nyasi zilikuwa zikitikisika, dereva ameshika kichwa kwa mikono miwili. Watu waliokuwa wamekaa ofisini Nairobi, wakinywa chai ya kampuni, walikuwa wamemwona korongo. Mimi niliyelipa mafuta, kiingilio na damu, nilikuwa nimeiona bajeti.

Kwa hiyo, msomaji, ukija Ruma vaa kaki, omba ruhusa kazini na uzime simu. Korongo hafuati ratiba ya mtu, na mwajiri hakuongezei hata senti kwa kufanyia kazi porini. Likizo ni haki yako kisheria, ichukue.