Namna ya Kuwa Bingwa wa Amini Bila Kuunganisha Kitu

1. Anzia mwalo wa Kibirizi, ndugu yangu. Simama penye dagaa waliolala, vuta pumzi, tamka: "Amini hizo!", yaani misombo ya naitrojeni yenye shombo la samaki. Kisha nyoosha kidole kwenye kidumu cha mawese. Wekundu ule ni karotini, haidrokaboni yenye bondi maradufu 11. Sasa watege: mbona Ujiji wanapika dagaa kwa mawese miaka nenda rudi na amini haijaungana na bondi hizo? Wakinyamaza, wape jibu. Naitrojeni ina elektroni zake, bondi maradufu ina zake. Ni wake wenza, wanapishana mlangoni bila salamu. Metali ndiyo msuluhishi, yaani kichocheo.

2. Taja metali ghali tu: rodiamu, iridiamu, dhahabu. Kampuni ya Takasago ya Japani, tangu miaka ya 1980, inatengeneza mentholi kwa kupachika amini kwenye mirsini, haidrokaboni ambayo hata mchaichai unayo. Inayopachika ni lithiamu. Rodiamu huja baadaye, kuhamisha bondi. Wewe sema rodiamu, basi. Nani atakustahi kwa metali ya betri ya simu?

3. Hapa ndipo penye ulaji. Usihangaike na molekuli mbili zisizojuana. Chagua moja yenye amini upande huu na bondi maradufu upande ule, katikati ibanwe na vikundi viwili vya methili. Imekunjwa tayari, hata ukiitazama vibaya itajifunga pete. Wino wote umwage kusifu kichocheo chako.

4. Tumia chumvi ya metali yenye triflati, na usithubutu kujaribu asidi ya triflati hiyo peke yake! Mwaka 2006 wakemia walionyesha kwamba asidi ya trifliki, bila metali yoyote, inaunganisha alkini (zenye bondi maradufu) na baadhi ya amini vizuri tu, tena kwa matokeo yanayofanana na ya chumvi hizo. Watu wa udaku hao. Kichocheo kikifanya kazi, usikiulize kilisaidiwa na nani.

5. Atatokea mmoja, huwa amekaa nyuma, aulize kama unaweza kuipeleka naitrojeni kwenye kaboni ya pembeni, yenye haidrojeni nyingi. Kwa kawaida haitaki. Mwaka 1993 jambo hilo liliorodheshwa miongoni mwa changamoto 10 kubwa za uchochezi wa kikemia. Tabasamu. Mwambie umefaulu, ila sampuli zimekwenda kupimwa Dar, kwa treni, na mara ya mwisho kusikika zilikuwa Tabora.