Korosho Haijui Kiuno

Nasema wazi, na anayetaka kuninunia aninunie: aliyepanga korosho ianguke kwanza ndipo iokotwe hakuwa na kiuno. Embe unalipopoa. Nazi ina mkwezi wake. Chungwa unanyoosha mkono tu. Korosho ukiing'ang'ania mtini utaambiwa haijakomaa. Lazima uisubiri ishuke kwa hiari yake, ijilaze kwenye majani makavu, nawe mtu mzima mwenye wajukuu uiinamie kana kwamba inakudai. Unaiokota na bibo lake, unaikonyoa, bibo linakwenda kwenye ndoo ya wapika pombe ya uraka, korosho inakwenda kikapuni. Kisha unainama tena. Shamba langu hapa Nanganga si kubwa, lakini ukilipima kwa kuinama utaapa linafika Newala.

Mtu akiumwa hugeuka msomi, nami huu mgongo nimeusoma. Mtoto huwa na pingili 33 za uti wa mgongo. Ukubwani inabaki mifupa 26, maana pingili tano za chini huungana zikawa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na nyingine nne hivi huungana zikawa kifandugu, ambacho kwangu mimi kazi yake ni kunikumbusha benchi la ofisi ya chama cha ushirika. Pingili saba ziko shingoni, hesabu ileile ya twiga. Ila twiga kapewa majani ya juu, hana habari za kuokota. Kumi na mbili zimeshika mbavu. Zinabaki tano za kiunoni, na hizo ndizo zimeachiwa kila kitu: kichwa, mabega, tumbo na deni la pembejeo.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, gegedu lenye ute ndani yake. Mchana kutwa diski zinabanwa, zinapoteza maji. Usiku ukilala zinayanyonya tena. Ndiyo maana mtu asubuhi ni mrefu kuliko alivyo jioni, kwa sentimita moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo nikirudi shambani nikasema nimepungua, si maneno ya uvivu, nimepungua kweli. Mama Zainabu hasadiki. Anasema aliolewa na mtu wa kimo hikihiki.

Alikuwako daktari mmoja wa Sweden, Alf Nachemson, ambaye kuanzia miaka ya 1960 alikuwa anachoma sindano yenye kipimo ndani ya diski za watu walio hai, ajue zinabeba mzigo gani. Waliochomwa nawapa pole, lakini hawakuumia bure. Ukichukulia kusimama wima ni 100, kuinama mbele ni 150. Kuinama umeshika mzigo ni 220. Kulala chali ni 25. Namba hizo nilizikariri, nikazipeleka jikoni.

"Mama Zainabu, sayansi inasema mgongo wangu unatakiwa kwenye 25."

Akanijibu bila kugeuka: "Na korosho ataokota nani, huyo Msweden?"

Halafu kuokota ni mwisho tu wa mateso. Mwanzo wake ni Juni, ugonjwa wa ubwiriunga unapoanza kunyemelea machipukizi na maua. Hapo unajifunga bloa mgongoni, mashine inayopita kilo kumi kabla hujaitia petroli na salfa. Inakungurumia sikioni, inatikisa kila pingili kivyake, na inataka uamke alfajiri, upepo ungali umelala na umande ungali majanini, ili salfa ipate kushika. Nikirudi nyumbani nimekuwa wa manjano hadi kwenye kope, na mkono unatetemeka hata chai inamwagika kwenye sahani. Ikifika Oktoba ni zamu ya magunia. Gunia la korosho likijaa ni kilo 80 hivi, na makuli wa ghalani wanalirusha begani huku wanataniana. Wakiniona nimesimama pembeni wananiita: "Mzee, njoo utusaidie japo kwa dua."

Migongo ya kusini haijaanza leo kutumwa. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya mijusi mikubwa ya kale huko Tendaguru, mkoani Lindi. Aliyewasimamia wachimbaji ni Boheti bin Amrani. Tani zipatazo 250 zilibebwa na wapagazi, kwa miguu, mpaka bandarini Lindi. Hebu fikiria: mtu mwenye pingili tano tu za kiuno amebebeshwa vipande vya pingili za mnyama mwenye kimo cha minazi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa kwenye makumbusho huko Berlin, kimo chake kinapita mita 13, shingo iko juu darini, hainami hata kidogo, na watu wanalipa kiingilio kuutazama mgongo wake. Wangu wanautazama bure na bado wanaucheka.

Maana hapa Nanganga, inapochepuka barabara ya Ruangwa, ugonjwa wa mgongo hauna siri. Shuka kwenye bodaboda ushike kiuno, njia panda nzima itakupa majibu kabla hujauliza. Mama wa chapati anasema ngiri. Fundi baiskeli anasema figo. Shemeji yangu anasema uzee, naye kanizidi umri. Muuza dawa mwenye kipaza sauti anaanza kutaja: mgongo, kiuno, nyonga, miguu kuwaka moto. Akifika kwenye nguvu za kiume anashusha sauti, na wanaume wote waliokuwa wameshika viuno wanaondoa mikono haraka.

Lakini anayeniudhi kuliko wote ni bibi wa jirani. Amekulia upande wa Newala, enzi zile watu wako juu ya uwanda na maji yako bondeni. Mtungi kichwani, mteremko wa kwenda, mlima wa kurudi. Leo ni mkongwe, lakini njoo umwone akiokota. Miguu kaitanua kidogo. Anajikunja kwenye nyonga, mgongo umelala umenyooka kuanzia shingoni hadi kiunoni. Mkono mmoja unaokota, mwingine unapokea na kukonyoa. Hainuki kwa kila korosho. Anamaliza duara zima la chini ya mti ndipo anainuka, tena bila kuguna. Mimi naguna kwa kila punje.

"Mwanangu," akaniambia, "unakunja mgongo wa nini? Nyonga ulipewa za kazi gani?"

Nikatafuta sayansi ya kumjibu, sayansi ikawa upande wake. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kichwani. Walipobeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao, hawakutumia nguvu zaidi ya walizotumia kutembea mikono mitupu. Nilipomsimulia bibi, akauliza kama walilipwa.

Ikabidi niende zahanati. Mama Zainabu akanisindikiza, nami nikaona ni huruma. Nilikuwa nimeshajipanga: nitaeleza maumivu, tabibu ataandika nilale wiki mbili, karatasi nitaipigilia ukutani juu ya kitanda. Akanibonyeza mgongo, akaninyanyua mguu nikiwa nimelala chali, akauliza kama nasikia ganzi miguuni, kama mguu umelegea, kama haja ndogo inatoka sawasawa. Nikasema hayo sina. Akasema nishukuru, maana mwenye hayo hukimbizwa hospitali. Nikaitazama kalamu yake.

"Zamani tulikuwa tunawalaza wagonjwa wa mgongo," akasema. "Siku hizi tunajua anayelala sana ndiye anayechelewa kupona. Tembea. Fanya kazi nyepesi, kidogokidogo. Ukiokota kitu, kunja magoti. Kazi nyepesi unazo nyumbani, mzee?"

Nilikuwa nafungua mdomo nimweleze kuhusu 25. Mama Zainabu akaniwahi.

"Anazo, daktari. Ekari tatu."