Sifa za Haisi ya Songwe

Wanaolalamikia magari ya kukodi pale Uwanja wa Ndege wa Songwe hawana shukrani. Tangu 2012 ndege zinatua pale, na ndege ni chombo cha ubaguzi: kila abiria na kiti chake, mkanda wake, na begi linapimwa kwenye mizani kama kahawa ya ushirika.

Haisi haina roho mbaya hiyo. Mnakodi gari zima kwenda msibani Mpuguso, Rungwe. Dereva, kwa utu wake, anawaongezea wenzenu wawili Uyole, na Kiwira anapakia mikungu ya ndizi msije mkajisikia wapweke. Mkanda wa nini, wakati bega la jirani linakushika kulia na gunia la viazi linakuhifadhi kushoto? Mlango umefungwa kwa kamba. Lakini kamba hiyo ni mpya kabisa.

Bei nayo ina adabu zake: ya kwenye simu ni salamu, ya uwanjani ni mazungumzo, ya mkishafika Mpuguso ndiyo hesabu.

Kwa hiyo mgeni wetu, karibu Rungwe, na tafadhali usiombe risiti. Utamvunja moyo dereva.